Filimbi Ambayo Wengi Hawakuisikia: Prisoners Haikukatwa Mwisho

Kijana aliingia kwenye banda la muvi pale Mwanga, hapa Kigoma, akaweka flashi mezani na kumwambia muuzaji, "Kaka, umeniwekea nusu. Inaishia njiani." Muuzaji akaichomeka kwenye kompyuta, akasogeza hadi dakika za mwisho, akamwonyesha majina ya waigizaji yakipanda. Kijana hakukubali. Mzee aliyekuwa anasubiri simu yake ijae chaji akasema hata yeye aliona hivyo hivyo kibandani: askari anageuza shingo, kioo kinakuwa cheusi, basi. Mwingine akasema yule baba alifia shimoni. Mwingine akaapa kwamba sehemu ya pili ipo, ila haijafika huku mwisho wa reli.

Muvi yenyewe ni Prisoners, ya mwaka 2013, na ubishi huu nimeusikia mara nyingi kiasi kwamba siwezi kuuacha upite tena. Naipenda picha hii. Inaniuma ikishtakiwa kosa ambalo haikulifanya, huku makosa yake ya kweli yakipita bila mtu kuyataja. Nitaeleza yote mawili. Ambaye hajaiona na anataka kuiona aishie hapa, maana siwezi kuufafanua mwisho bila kumtaja adui.

Kisa chenyewe

Mwongozaji ni Denis Villeneuve, Mkanada kutoka Québec. Aliyeandika ni Aaron Guzikowski. Urefu ni dakika 153, yaani saa mbili na nusu na ushee. Kisa kinatokea jimbo la Pennsylvania, Marekani, siku ya Sikukuu ya Shukrani, mwezi Novemba. Familia mbili jirani zinakula pamoja. Mabinti wao wadogo, Anna na Joy, wanaomba kwenda nyumbani kwa kina Anna kutafuta filimbi nyekundu ya Anna. Hawarudi.

Mtaani kulikuwa kumeegeshwa gari kubwa la safari, lile lenye vitanda ndani. Dereva wake, Alex Jones, ni kijana mwenye akili ya mtoto wa miaka kumi. Anakamatwa, anahojiwa, ushahidi haupatikani, anaachiwa. Keller Dover, baba yake Anna, anayeigizwa na Hugh Jackman, anamteka Alex, anamfungia katika jengo bovu aliloachiwa na marehemu baba yake, na kumtesa ili aseme watoto wako wapi. Wakati huo huo askari mpelelezi Loki, yaani Jake Gyllenhaal, anawatafuta watoto kwa njia yake.

Wanaume wawili wanatafuta kitu kimoja, kila mmoja na njia yake, na mmoja anamficha mwenzake. Muvi nzima inaendeshwa na hilo.

Mshangao, taharuki, fumbo

Ukisema "muvi kali", unaweza kuwa unasifu mambo matatu tofauti, na kuyachanganya ndiko kunakozaa nusu ya ubishi wa vibandani.

Fikiria umepanda boti la injini pale Kibirizi, unaelekea vijiji vya kaskazini. Mko watu thelathini, mizigo imejaa. Ghafla upepo mkali unapiga, boti linalala upande, watu wanapiga kelele. Huo ni mshangao. Unashtuka, moyo unadunda, dakika mbili baadaye mnacheka.

Sasa fikiria umekaa nyuma kabisa, na unaona maji yanaingia taratibu chini ya magunia. Nahodha yuko mbele, anapiga soga, hajui. Akina mama wanaimba. Wewe unahesabu: maji yamefika kwenye ubao wa pili, nchi kavu bado iko mbali. Hiyo ndiyo taharuki, neno ambalo kila aliyesoma fasihi kidato cha tatu aliliandika kwenye daftari. Unajua jambo linakuja, na kujua huko ndiko kunakokufanya ushike roho mkononi. Mshangao unakuficha habari. Taharuki inakupa habari, kisha inakuacha nayo peke yako.

Fumbo ni kitu cha tatu: nani alilitoboa boti? Hapo hauogopi, unafikiri.

Prisoners ina fumbo, lakini nguvu yake kubwa iko kwenye taharuki. Mtu akiingia akitegemea fumbo pekee, atatoka amekasirika.

Inapotisha, inatishaje

Kuna tukio moja ambalo nikilieleza linatosha kuonyesha ufundi wote. Keller ameshamfungia Alex kwenye bafu la lile jengo, amelizungushia mbao, ametoboa tundu dogo tu. Loki amemfuatilia Keller hadi hapo. Anaingia. Keller anajitetea kwamba huja pale kunywa pombe ili mkewe asimwone. Loki anazunguka vyumbani. Tunajua Alex yuko hatua chache, nyuma ya ukuta. Simu ya Loki inalia, anaondoka.

Hakuna risasi wala muziki wa kupandisha mori. Lakini jiulize, wakati Loki anazunguka, ulitaka nini? Kama ulitaka agundue, ulikuwa upande wa Alex, na pengine Alex ndiye mtekaji. Kama ulitaka aondoke, ulikuwa upande wa mtesaji. Nilipoiona kwa mara ya kwanza nilijikuta nataka aondoke. Niliposhika akili nilijiona vibaya, na bado sijaisahau hali ile.

Steringi wetu tuliyemzoea hatutii kwenye mtihani huo. Kwenye picha nyingi steringi akimpiga mtu, aliyepigwa anastahili. Hapa mwandishi anatunyima uhakika. Alex alimnong'oneza Keller maneno yaliyosikika na Keller peke yake, kwamba watoto hawakulia mpaka alipowaacha. Maneno hayo yanaweza kuwa ya mhalifu, na yanaweza kuwa ya shahidi. Unabaki unayapima hadi mwisho.

Sisi tunaijua hadithi hii kwa sura nyingine. Magazeti yetu yana msemo wake wa siku zote, "wananchi wenye hasira kali", na tunajua unatumika mtu akishachomwa. Keller ni wananchi wenye hasira kali waliokusanyika ndani ya mtu mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wa maeneo ya Tabora na Shinyanga walianzisha Sungusungu kwa sababu ng'ombe walikuwa wanaibwa na hawakuona serikali ikiwafikia kwa wakati. Hisia ile inaeleweka na yeyote aliyewahi kuibiwa. Ila anayeshika fimbo kwa niaba ya wote, nani anampima kama amemshika mtu sahihi? Muvi inauliza hivyo kwa saa mbili na nusu na haikupi nafasi ya kukimbia. Ndani ya kibanda cha Ujiji swali hilo lina uzito uleule uliokuwa nao Pennsylvania.

Halafu kuna macho na masikio. Mpiga picha ni Roger Deakins, na kazi hii iliingizwa kugombea tuzo ya Oscar ya upigaji picha. Mvua inanyesha karibu muvi nzima, kisha inageuka theluji. Kamera haikimbii. Inaweza kukaa kwenye shina la mti, ikasogea polepole, na wewe unaanza kuogopa mti. Muziki wa Jóhann Jóhannsson, mtu wa Iceland, unasikika kama kinanda cha kanisani kikipigwa mbali, na mara nyingi haupo kabisa. Ukimya umetumika kama kiungo cha mapishi.

Ukimya huo ndio tunaoupoteza. Nakala nyingi zinazozunguka huku zimetafsiriwa na ma-DJ, na ninaiheshimu kazi yao. Mama yangu asingeona muvi hata moja ya nje bila wao. Lakini DJ analipwa kwa kuongea. Pale ambapo Villeneuve ameacha upepo tu, DJ anajaza maelezo. Nakala niliyoisikia kibandani, DJ alikuwa anaaga na kutaja namba yake ya simu katika dakika ya mwisho kabisa. Nitarudi hapo, maana ubishi wa pale Mwanga ulianzia kwenye dakika hiyo.

Yanayosemwa ambayo si kweli

Kwamba ni kisa cha kweli: hapana. Guzikowski alikitunga. Kwamba kuna sehemu ya pili: haipo. Villeneuve aliendelea na kazi nyingine.

La tatu linahitaji neno zaidi, kwa sababu linasemwa kwa hasira: kwamba polisi walikula rushwa wakamwachia Alex. Kwenye muvi hakuna rushwa. Kuna saa 48 zilizokwisha bila ushahidi. Gari lilipekuliwa, hakuna kilichopatikana. Kumshuku mtu si ushahidi, na sheria yetu nayo haimruhusu askari kumweka mtu mahabusu apendavyo kwa sababu tu jirani wanamtilia shaka. Uchungu wa kisa uko hapo hapo: polisi walifuata utaratibu, na watoto bado hawapo.

Nyavu zilipochanika

Sasa makosa. Watu wakisema "hii muvi ina makosa", wanaweka kwenye kapu moja samaki wa aina tatu.

Kuna tundu, yaani jambo ambalo haliwezekani kwa sheria za hadithi yenyewe. Aliyekufa sura ya pili anakunywa chai sura ya tano. Kuna sadfa, yaani jambo linalowezekana lakini limetokea kwa bahati mno. Na kuna ukimya wa makusudi: mwandishi anajua, lakini ameamua kutosema. Tundu ni kosa siku zote. Ukimya wa makusudi unaweza kukuudhi, lakini hauwi kosa kwa sababu hiyo. Sadfa inategemea imewekwa wapi. Inayoanzisha matatizo tunaisamehe, kwa kuwa hata maisha yanaanza hivyo. Inayoyatatua inatuibia, kwa sababu tulikaa tukisubiri mtu atumie akili.

Katika Prisoners matundu ni machache kuliko watu wanavyodai. Linalotajwa sana ni hili: Joy anapatikana, yuko hospitali, anamwambia Keller maneno yanayomfanya aelewe kwamba watoto walikuwa nyumbani kwa Holly, mama mlezi wa Alex. Hospitali imejaa askari. Kwa nini Keller anakimbia peke yake badala ya kuwaambia? Mimi naona si tundu. Keller ni mtu aliyejaza vyakula na vifaa kwenye chumba cha chini ya nyumba yake kwa sababu haamini kuna wa kumsaidia siku mambo yakiharibika, na wakati huo amemfunga binadamu kwenye bafu. Akimwambia askari lolote, ataulizwa amejuaje. Anafanya alichokuwa akikifanya tangu mwanzo.

Tatizo langu ni sadfa, na kubwa zaidi ni Bob Taylor.

Wavuvi wetu wa dagaa hutoka usiku usio na mbalamwezi, wanawasha taa juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, na wavu uko chini yao unasubiri. Mwandishi wa visa vya uhalifu naye huwasha taa: mshukiwa wa uongo, ili macho yetu yakusanyike huko. Ni mbinu halali kabisa. Bob Taylor ni taa hiyo. Anatokea kwenye mkesha wa mishumaa, anakimbia, ananunua nguo za watoto, nyumbani kwake kuna masanduku yenye nyoka na nguo zenye damu, na kuta amezichora michoro ya njia zinazopotezana. Baadaye inagundulika damu ni ya nguruwe na nguo nyingine aliziiba. Naye alitekwa utotoni, akili yake haikurudi sawa. Anajiua kituoni kwa bastola ya askari.

Taa hii inawaka mno. Ili Bob awepo, lazima awe aliwahi kutekwa, aishi mji huo huo, aingie kuiba nguo kwenye nyumba za watoto hao hao, na aende kwenye mkesha wao. Akishamaliza kazi ya kutupoteza, mwandishi anamwondoa kwa risasi. Mtu aliyeumizwa kiasi hicho alistahili kuwa zaidi ya taa. Na bastola kupatikana ndani ya chumba cha mahojiano ni jambo ambalo askari yeyote atalitingishia kichwa.

La pili linaniuma zaidi, kwa sababu linamgusa Loki, mhusika ninayempenda kuliko wote. Tunaambiwa hajawahi kushindwa kesi. Mapema kabisa anakuta maiti chini ya nyumba ya padri mmoja, imevaa kidani chenye mchoro wa njia zinazopotezana. Huo ndio ufunguo. Lakini anaufungulia wapi? Anakwenda kwa Holly kumpa habari njema tu, kwamba Alex amepatikana, na ukutani anaona picha ya mume wa Holly amevaa kidani kile. Yaani mpelelezi bora wa mji amelimaliza fumbo kwa kuangalia ukuta wakati akisubiri mwenye nyumba aje. Keller naye amelimaliza kwa maneno machache ya mtoto aliyelazwa hospitali. Taharuki ya saa mbili ilistahili mtu mmoja aunganishe nukta kwa jasho lake.

Na inauma kwa sababu vidokezo vilikuwepo, tena vya haki. Holly mwenyewe, akizungumza na Keller, alishasimulia kwamba mwanawe alikufa kwa saratani, kwamba yeye na mumewe walikuwa washika dini, kwamba mumewe alifuga nyoka na Alex alipata ajali nao. Yote yamesemwa mbele yetu. Mwandishi hakudanganya. Alibakiza hatua moja tu, kumwacha Loki ayasikie hayo na kuyapima, na hakuichukua.

Badala yake anampa Holly, ambaye ndiye mtekaji, hotuba. Ameshika bastola, Keller yuko mbele yake, na anaanza kueleza: kuwapoteza watoto ndiyo vita yao na Mungu, wazazi waliopotelewa wanageuka mashetani. Wazo lenyewe ni zito mno, kwa sababu Keller tayari amegeuka. Muvi inaanza na yeye akisali Baba Yetu huku mwanawe akimlenga paa kwa bunduki, na inamfikisha mahali ambapo mwanamke huyu anajua kabisa alichofanikiwa kumfanya. Ila limewekwa kwenye dakika chache za maelezo, kama mtihani uliobaki dakika tano na mwanafunzi anaandika kila alichonacho. Melissa Leo, ambaye ndiye Holly, anaigiza vizuri kiasi kwamba watu hawalioni kosa.

Akina mama wengine wamepewa kidogo sana. Mama yake Anna analala kwa dawa muda mwingi. Viola Davis, mama yake Joy, ana tukio moja kubwa: anaoneshwa Alex aliyefungwa, na anaamua kwamba hatasaidia kumtesa, na hatazuia pia. Uamuzi huo ungeweza kubeba muvi nzima. Baada ya hapo hatuambiwi tena analalaje usiku.

Dakika ya mwisho

Holly amemtupa Keller kwenye shimo uani kwake, chini ya gari bovu, akiwa na risasi mguuni. Humo gizani Keller anaokota filimbi nyekundu ya Anna. Loki anafika, Holly anauawa, Anna anaokolewa. Hakuna anayejua Keller yuko wapi.

Kabla ya mwisho, mke wa Keller anazungumza na Loki hospitali. Keller akipatikana atakwenda jela, na wote wawili wanalijua hilo. Kisha usiku, nyumbani kwa Holly, mafundi waliokuwa wakichimba wanafunga kazi kwa sababu ardhi imeganda kwa baridi. Loki anabaki. Panasikika sauti nyembamba. Anageuza kichwa, anadhani ni upepo. Inasikika tena. Anageuka. Giza.

Sauti hiyo ni filimbi. Ile iliyotajwa mwanzoni kabisa, ambayo watoto walitoka kwenda kuitafuta. Keller yuko hai, anapuliza, na Loki amesikia. Mwisho umesemwa wote, ila umesemwa kwa sauti, na ukiuona kwenye nakala ambayo DJ anataja namba yake ya simu wakati huo huo, utaona askari anageuza shingo bila sababu. Yule mzee wa pale bandani aliona sahihi kabisa alichokiona.

Kilichoachwa ni kile tu kinachofuata: mkono unaomtoa baba yule shimoni ndio utakaomtia pingu. Jina la muvi maana yake wafungwa, na ukihesabu utamkuta Alex bafuni, watoto shimoni, Keller shimoni, halafu Keller tena, mahali pengine. Villeneuve angetuonyesha kamba ikishushwa, tungepiga makofi na kuisahau pingu.

Muuzaji alimtafutia yule kijana nakala yenye sauti ya asili, akampa visikilizio. Tukasubiri. Mara ya kwanza hakusikia kitu. Akarudisha nyuma, akaongeza sauti, akaweka kiganja sikioni kuzuia kelele za bodaboda. Nilimwona alipoipata, maana aligeuza kichwa upande uleule aliogeukia Loki.

"Anapuliza," akasema. Kisha akanyamaza, akavua visikilizio. "Sasa akimtoa si anamfunga?"

"Anamfunga," muuzaji akamjibu.

Mzee aliyekuwa anasubiri chaji akadakia kwamba afadhali amtoe tu akafungwe, mtoto atakuwa anakwenda kumwona. Kijana akasema hapana, yule Alex naye alikuwa mtoto wa mtu, alitekwa akiwa mdogo, nani amewauliza wazazi wake? Niliwaacha wakiwa bado wanabishana hilo.